Jibu: Dipoli ya mita 40 inagoma kwenye 7.1 MHz

Salaam ndugu wa Jinja. Umesema dipoli yako, yaani antena ya waya yenye pande mbili, ya bendi ya redio iitwayo mita 40, ina mita 10.2 kila upande, waya wa umeme wa nyumba, na SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) inashuka vizuri kwenye 6.8 MHz lakini kwenye 7.1 inapanda hadi 3. Redio yako haina kosa. Waya ni mrefu mno.

Ile hesabu ya 143 gawanya kwa MHz, inayotoa urefu wa pande zote mbili kwa mita, ni ya waya mtupu. Ganda la plastiki hushusha masafa ya antena (zile MHz) kidogo, ndiyo maana umeangukia chini, kwenye 6.8. Zidisha 10.2 kwa 6.8, gawanya kwa 7.1: unapata kama 9.77. Yaani punguza sentimita 43 kila upande.

Ila usikate! Mimi huku Mbale nilishika koleo kwa pupa, nikaishia kulehemu vipande usiku kwa tochi. Kunja ncha irudi nyuma, ilale kandokando ya waya wenyewe, ifunge kwa utepe. Anza na sentimita 30, pandisha antena mahali pake, pima, kisha ongeza kidogo kidogo, pande zote sawa. Kuipima ikiwa chini ni kazi bure.

Hujasema iko juu kiasi gani kutoka kwenye mabati. Kama ni mita moja tu, iinue kwanza kabla ya kugusa chochote, maana mabati yatakuvurugia vipimo vyote.

Halafu kagua kiungo cha koaksi, ile kebo ya kutoka kwenye redio, pale katikati ya antena. Mvua za huko ziwani hazina huruma, na maji yakishaingia kwenye kebo, SWR itakudanganya.