Bibi kazeeka na likizo haitoshi

Mdogo wangu pole, umesema kila Desemba ukipanda Moshi kumuona bibi unaanza kuhesabu siku za kurudi Dar hata begi hujafungua, mtori unaletewa na kumeza unashindwa. Nakuelewa mno. Mimi kwa mama nilikuwa napiga picha tu, picha kibao, leo ninachotafuta ni sauti yake akiniita na sina, voisi noti zote zilikuwa kwenye simu iliyoibiwa. Kwa hiyo wewe ukifika kaa nae jikoni mmenye ndizi, simu iwe pembeni inarekodi na umwambie kabisa bibi nakurekodi, halafu muulize vitu vidogo vidogo, nani alimfundisha kupika, kihamba, yaani lile shamba la familia, kilikuwaje enzi za usichana wake, muache aongee Kichaga chake hata kama nusu huelewi, binamu watakutafsiria. Usiku huo huo hizo rekodi zipandishe Google Drive na umtumie ndugu mmoja, usisubiri kurudi Dar. Baada ya hapo weka simu mbali ule mtori wako, na ukijisikia kulia lia tu mbele yake, bibi hatakushangaa.