Wasomaji wauliza: Kisakale cha Liyongo

*Nimepewa kazi ya kukusanya kisakale (masimulizi ya kale ya shujaa) cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, kwa mzee mmoja wa Kipini. Nilimrekodi, akamaliza kwa dakika sita. Nimekosea wapi?* – Mwanachuo, Malindi

Dakika sita ni muhtasari. Ulikwenda peke yako na simu, mzee akakujibu kama anayemjibu karani. Fanani (msimulizi) hunoga akiwa na watu wa kuitikia, kwa hiyo rudi umwombe aite wajukuu wawili watatu au jirani wa rika lake, ikiwezekana baada ya isha, shughuli zikiisha. Omba ruhusa ya kurekodi mbele yao, na ruhusa yenyewe iingie kwenye rekodi.

Simu izimwe mtandao isije ikaita katikati. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa, kama shibiri mbili kutoka kinywani. Ikikaa juu ya meza tupu, kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama kishindo. Feni izimwe. Barazani, kaeni upepo umpige mzee mgongoni. Rekodi kwa WAV, kilohezi 44.1, biti 16: saa moja ya stereo hula takriban MB 600, basi hamisha picha zako mapema upate nafasi.

Akianza, usimkatize. Hasa usimsahihishe kwa sababu umesoma utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913 au masimulizi aliyoyachapisha Edward Steere mwaka 1870. Pale anapotofautiana nao ndipo penye kazi yako. Akisema "ndia" na "mato" (njia na macho kwa lahaja ya huko), andika hivyohivyo, usimgeuzie Kisanifu. Angalia pia anavyofungua: visakale kwa kawaida huanza na mji na nasaba, kwa kuwa husimuliwa kama mambo yaliyotokea. Akianza na "Paukwa!", liandike hilo, maana huenda kwake hii ni ngano ya watoto. Maswali yaje mwisho: alisikia kwa nani, wapi, katika shughuli gani.

*Niliandika kwamba kisakale hicho kinaburudisha, kinaelimisha na kuonya. Mwalimu amenirudishia akisema hizo ni dhima (kazi) za kila hadithi. Anataka nini?* – Msomaji, Lamu

Mwalimu ana haki. Maneno hayo matatu unaweza kuyabandika hata kwa Sungura na Fisi. Mwanaanthropolojia William Bascom alizitaja dhima nne mwaka 1954 (burudani, kuhalalisha mila, kufunza, kuwabana watu wafuate kanuni), lakini hizo ni rafu za kupangia tu. Bidhaa uitafute kwenye masimulizi.

Chukua tukio moja, kifo chake. Shujaa asiyedhurika kwa silaha anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mtawala wa Pate kwa ahadi. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye uta, anakata roho hivyohivyo. Watu wakimwona wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji. Anaitwa mama yake aje kumbembeleza.

Sasa uliza. Kwa nini kisimani? Mahali ambako maji matamu ni ya kuchunga, maiti imeushika mji koo. Kwa nini aitwe mama? Kwa sababu Liyongo alipofungwa, ndiye aliyempelekea gerezani tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye Liyongo akakata minyororo huku ngoma ya gungu ikifunika sauti. Mama anaokoa, mwana anaua kwa tamaa ya cheo: kisakale kinajadili nani wa kuaminiwa ndani ya ukoo pale utawala unapogombaniwa. Gungu nayo inapata nasaba ya kujivunia. Kisha kuna kaburi linaloonyeshwa Ozi, karibu na Kipini, na Wapokomo wa Mto Tana nao wana Liyongo wao. Hapo dhima ni kudai ardhi na ujamaa.

Kila dhima iwe na ushahidi wa kikao: nani alicheka, wapi walinyamaza, nani aliambiwa atoke. Swali kama "Je, hadithi hii inafunza maadili?" litakupa "ndiyo" ya adabu, nawe hutakuwa umepata kitu.

*Fanani alipwe?* – Msomaji, Mombasa

Sukari na majani ya chai haviharibu kitu. Ukitoa pesa, mpe ya muda wake, mkubaliane kabla. Ukilipa kwa idadi ya hadithi, utaletewa hadithi nyingi fupi. Na mwachie nakala ya rekodi kwenye simu ya mjukuu.