Usiwaulize Kama Wako Wote

Jumamosi iliyopita, pale lango la mbuga ya Mlima Longonot, nilimsikia mlezi mmoja mgeni wa kazi hii, kijana mzuri tu, filimbi mpya shingoni, akiwauliza vijana wake, "Mko wote?" Wakamjibu kwa sauti moja, "Ndiyooo!" Akapuliza filimbi, wakaanza kupanda. Halikuwa kundi langu, nikanyamaza, ila mate yalinikauka mdomoni. Ninyi mnaoanza kupandisha vijana mlimani likizo hii, nimewaandikia haya kabla hamjanizeesha.

1. Maji. Lita 3 kwa kila mtu, kutoka nyumbani, maana njiani hakuna bomba wala kioski. Soda si maji.

2. Viatu vipya vivaliwe kwanza wiki mbili, hata kwendea dukani. Mzazi akikwambia "nimemnunulia vya safari hii", mshukuru, kisha ukamkague mtoto visigino mkifika ukingoni, juu kwenye mdomo wa kreta, lile shimo la volkano. Na kila mmoja abebe leso ya kufunga puani. Lile vumbi ni majivu ya volkano, na mfunga mkia, yule anayetembea wa mwisho, ndiye hulila lote.

3. Kuhesabu vichwa. Hapa mnivumilie.

Aliyebaki nyuma hawezi kukujibu "hapana", na waliopo wanajua mambo usiyoyajua wewe. Kijana wa miaka 14 akiapa kumfichia mwenzake siri, utamtisha mpaka uchoke, hasemi. Shika orodha ya karatasi, ita jina kwa jina na umwone mwenye jina: langoni, ukingoni, kileleni, na mkishashuka. Wataguna. Waache wagune.

Mimi nilijifunza mwaka 2014. Nilikuwa na vijana 19, mmoja wao mpwa wangu, binti wa dada yangu. Walezi tulikuwa wawili, wanaume wote, na hakuna aliyeona kasoro hapo. Asubuhi langoni nilikuwa nimewanyang'anya simu zote nikazitia kwenye begi langu, nikawahutubia kuhusu kutazama twiga badala ya vioo. Nilijiona mlezi hodari kweli.

Karibu na ukingo, pale njia inapokuwa mfereji mtupu na mguu mmoja ukipanda mwingine unateleza, mpwa wangu alinisogelea. "Mjomba, tumbo linaniuma." Nikamwambia ajikaze, ni chai ya asubuhi hiyo, itashuka. Alinitazama kidogo, akarudi nyuma. Alikuwa amekosa mwanamke wa kumwambia, akaja kwangu, nami nikamjibu habari za chai.

Ukingoni nikauliza, "Mko wote?" Ndiyooo! Tukashika upande wa kilele. Mnaujua mpando ule, mtu haongei, anahesabu pumzi zake. Juu kabisa, mita 2,776, nikawapanga tupige picha. Rafiki yake mpwa wangu akawa hatabasamu. Nikamtania, akaangua kilio. Kumbe mwenzake alikuwa ameingia hedhi, mara yake ya kwanza, akajificha nyuma ya kichaka chini ya ukingo na kumwapisha asiseme. Angetufikia, alisema.

Nikatoa simu yangu nimpigie. Begi langu likaita mgongoni.

Ulikuwa wimbo wa kuchezeka, na uliita mpaka ukaisha. Vijana 18 walinitazama, na hakuna aliyecheka. Hao hucheka hata mtu akipiga chafya.

Mwenzangu alichukua kundi wamalizie nusu ya mzunguko iliyobaki, huenda wakamkuta huko. Mimi nikarudi mbio tulikotoka. Njia panda ya ukingoni, hakuna mtu. Kichakani, hakuna mtu. Nikateremka nikimwuliza kila ninayekutana naye kama amemwona msichana wa sweta ya kijani. Wengine walinipa pole, jambo lililonimaliza kabisa. Nilikuwa langoni nikiwaeleza askari wa KWS, shirika la wanyamapori, magoti yakinicheza, mwenzangu aliponipigia: wamempata.

Alipofika ukingoni hakutukuta, akashika upande wa pili akidhani tuko mbele. Ukingo ule ni duara la kilomita 7 na kitu, na nyati wapo. Alitembea peke yake zaidi ya saa nzima, sweta kaifunga kiunoni, mpaka akakutana uso kwa uso na wenzake wakija kutoka kileleni. Wasichana walimzunguka. Mwenzangu, Mungu ambariki, alijua kugeuka na kwenda kutazama mvuke unaotoka ndani ya kreta.

Jioni nilimpeleka kwao mwenyewe. Dada yangu alikuwa akimenya viazi. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, hakuacha kumenya. Halafu akauliza swali moja: "Na simu yake ilikuwa wapi?"

Kwa hiyo 4: simu zao waachieni. Watajipiga picha 200, shauri yao.

5. Mlezi wa kike awepo kila safari. Akikosekana, safari hakuna, hata kama matatu imeshalipiwa. Na mfunga mkia awe mtu mzima anayeaminika. Msimpe kazi hiyo kijana yeyote kwa kuwa tu ni mzito wa miguu.

6. Sodo ziwemo kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mfuko wa juu, zichukuliwe bila kuombwa. Mpwa wangu ndiye mfunga mkia wetu siku hizi, na sanduku analibeba yeye. Mwanzoni wavulana walikuwa wakiliona wanatazama pembeni. Mwezi jana mmoja wa viatu vipya alimwendea akichechemea, akaomba mbili, akaziweka visiginoni, akashuka hadi langoni akipiga mluzi.