Vikapu vya milulu na malipo ya mali kauli

SWALI: Mhariri, kikundi chetu cha akina mama husuka vikapu vya milulu, nyasi ndefu za bondeni, hapa Iringa. Mnunuzi anayejiita mfanyabiashara wa haki huvichukua kwa mali kauli na kutulipa vikishauzwa, pengine baada ya miezi mitatu. Je, hiyo ni haki?
Msomaji, Iringa

JIBU: Hapana, mama, na nasikitika kwamba jina zuri la biashara ya haki, yaani ile inayomlipa mzalishaji ipasavyo, linatumika kuwabebesha ninyi hasara ya biashara ya mtu mwingine. Shirika la biashara ya haki duniani, WFTO, lina kanuni 10, na mojawapo inamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe malipo ya awali yasiyo na riba, angalau nusu ya thamani ya oda, pale wazalishaji wanapoomba. Basi ombeni, tena kwa maandishi, kabla hamjaanza kusuka.

Kuhusu bei, msianze na ile anayoitaja yeye. Chukueni kikapu kimoja, mhesabu siku ya kukata milulu bondeni, siku za kuianika, rangi, nauli, na kila saa ambayo vidole vinakaza milulu kuanzia kitako hadi ukingo. Saa hizo ndizo husahaulika, kwa kuwa kazi hufanyika barazani jioni na huonekana kama mapumziko. Kila mzigo unapoondoka, andikeni idadi, bei na tarehe ya kulipwa salio, naye atie saini.

Akikataa yote hayo, msimpe vikapu.