Ufa kwenye chesi usiufunike kwa weldi

Madereva wengi wakiona ufa mdogo kwenye chesi ya lori, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, huniambia, "Fundi, piga weldi hapo juu tuondoke." Sikubali, na ningependa na wewe ukatae.

Chuma kizima hugawana mzigo eneo lote. Kikipasuka, nguvu iliyokuwa ikipita pale hulazimika kuzunguka, ikabanana kwenye ncha ya ufa. Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba hata ukingoni mwa tundu la duara, mkazo, yaani nguvu inayobanana mahali pamoja, unaweza kufika mara 3 ya ule wa kawaida. Ncha ikichongoka, unapanda zaidi. Ndiyo maana pakiti ya karanga iliyogoma kuchanika huachia ukiitia jino kidogo tu pembeni.

Na ufa haukai pale pale. Kila tuta, kila shimo, chesi hujikunja na kujinyoosha, nao unasogea. Kule Marekani, tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Silver Bridge lilianguka mtoni Ohio na watu 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi kwenye kiungo kimoja cha chuma, umejificha mahali jicho la mkaguzi lisipofika. Milimita 2.5!

Kwa hiyo kwanza tafuta ufa unaishia wapi hasa. Kwangua rangi na kutu, paka mafuta ya taa, yaache yapenye, futa mpaka pakauke, halafu paka unga wa chaki. Mafuta yaliyobaki ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye ule weupe. Mara nyingi mstari huo huenda mbele kuliko ulivyodhani. Toboa tundu pale unapoishia, uondoe ile ncha kali. Kisha futa mafuta yote, chimba kwa grenda mfereji wa umbo la V mpaka ufa uishe kabisa, ndipo uchomelee. Ukichomelea juu juu, ufa unabaki chini ya mshono na utaanza safari upya kutokea hapo.

Ukiongeza bamba la chuma la kuimarisha hapo, ncha zake zikate mshazari. Bamba lililokatwa mraba huhamishia mkazo ukingoni mwake, na chesi hupasuka tena hapo hapo.

Haya ni ya chesi. Ufa ukiwa kwenye ekseli au mkono wa usukani, usichomelee kabisa. Nunua kingine.