Muulize Fundi: Wamejuaje Kwamba Mfuko Umekauka?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi nauza mahamri, viazi karai na mikate ya mofa hapa Langoni, Lamu. Mwaka juzi nilikopa kwa programu ya simu, nikalipa, nikaachana nayo. Lakini kila Shaabani ikielekea kwisha, nikishanunua unga na sukari ya Ramadhani na sina kitu, meseji yaingia: "Mteja wetu, mkopo wako uko tayari." Siku zile zile! Dada yangu asema simu hunisikiliza. Bwanangu asema niache kulipwa kwa simu, nirudi kwenye noti. Nani mwenye haki?
— Mama Mahamri, Langoni

JIBU: Marahaba, Mama Mahamri. Wote wawili hawakupata, ingawa bwanako amekaribia.

Simu ikurekodi mchana kutwa, bando na chaji vingeisha ukashtuka. Meseji ni nyepesi, na zina habari zaidi. Siku ulipoiweka programu ile, bila shaka iliomba ruhusa ya kuzisoma, nawe ukakubali kwa kuwa ulitaka mkopo. Sasa tazama kilichomo. Kila meseji ya M-Pesa ina tarehe, saa, kiasi, jina la uliyemlipa na salio lililobaki. Anayezisoma za miezi kadhaa anaona hela ndogo ndogo zinazoingia alfajiri. Anaona duka la jumla unakolipia unga, na wiki ambayo salio huporomoka. Hana haja ya kujua Shaabani ni nini. Kompyuta inalinganisha mwendo wako na wa maelfu ya wateja waliofika hapo hapo, halafu inakuandikia siku ambayo wengi wao walikubali kukopa.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kukadiria kama mtu atalipa si kosa, hata mwenye duka humtazama mtu kabla hajamkopesha. Kumvizia siku aliyobanwa ni jambo jingine kabisa.

Wala si meseji peke yake. Mwaka 2013 watafiti, wawili wao wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 58,000 wa Marekani waliojitolea. Walitumia kurasa ambazo watu hao walibofya kuzipenda kwenye Facebook, basi. Kwa hizo tu kompyuta iliweza kumtenga Mkristo na Mwislamu kwa usahihi wa asilimia 82. Kupenda ukurasa wa mpira au wa mapishi tunaona mchezo!

Sasa fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta programu ile, fungua ruhusa zake, uzime meseji, majina ya watu na mahali ulipo. Usiifute kwanza, maana ukiifuta akaunti yako inabaki kwao pamoja na walichokwisha kukusanya. Waandikie: wakueleze wana nini juu yako, waache kukutumia matangazo, na wafute wasichokuwa na sababu ya kukishika. Haki hizo zimo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Weka nakala. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria imeipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.

Kuhusu noti, usimsikilize bwanako. Wageni wa Nairobi wanaolala kwenye nyumba za wageni hapo Lamu wengi hawatembei na pesa taslimu, utawapoteza. Nunua simu ndogo ya mulika mwizi, uweke laini ya biashara humo. Programu za mikopo haziingii kwenye simu hiyo, kwa hiyo meseji za malipo hazitakuwa na msomaji. Kampuni ya laini yenyewe itaendelea kuyaona malipo yako, hilo sina dawa yake. Na stima ikipotea alfajiri ukiwa unakanda unga, tochi unayo.