Chupa mbili, mvua moja, namba tofauti

SWALI: Nafundisha darasa la nne huku Igombe, Mwanza. Watoto walitengeneza vipimamvua viwili kwa chupa za maji zenye upana wa sentimita 6. Kimoja kiko wazi juu, kingine tulikiwekea faneli ya sentimita 9. Uwanja ni ule ule, lakini mvua iliponyesha cha kwanza kilisoma milimita 14 na cha pili 31. Kosa liko wapi? Na hali ya hewa nitaiunganishaje na viumbe hai? Kwa sasa wanakariri tu.

JIBU: Hongera kwa kazi, Mwalimu. Watoto wamesoma vizuri, tatizo ni faneli. Inakinga mvua ya eneo kubwa kisha inaimwaga kwenye chupa nyembamba. Upana wake ni mara 1.5 ya chupa, kwa hiyo eneo lake ni mara 2.25. Gawanya 31 kwa 2.25, utapata karibu 14 ile ile. Toeni faneli hiyo. Kateni sehemu ya juu ya chupa, muigeuze na kuipachika ndani ya chupa hiyo hiyo: upana unabaki mmoja na maji hayakauki haraka. Kitako cha chupa kina mabonde, hivyo mimineni maji hadi pale inaponyooka, sifuri ianzie hapo. Chupa ikae mbali na miti na mapaa, isomwe saa 3 asubuhi kila siku.

Sasa viumbe hai. Mwanza mna utajiri mkubwa: mawe, na mijusi wake. Yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu hata jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na Mwanza. Mjusi hatengenezi joto la kutosha mwilini mwake, hulitafuta juani. Jua likiwa kali mno hujificha kwenye nyufa. Chagueni jiwe moja. Watoto wahesabu mijusi saa 2 asubuhi, saa 4 na saa 7 mchana, na kila mara waandike, kwenye jedwali lile lile la mvua, kama kuna jua au mawingu na upepo unatoka wapi. Utepe wa kitambaa kwenye mti unatosha kuonyesha upepo. Mchana mara nyingi utavuma kutoka ziwani, kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, usiku hugeuka. Watoto wa wavuvi wanalijua hili kuliko vitabu, waache waeleze.

Usiwape sababu mapema. Baada ya wiki mbili hivi, kabla hawajatoka nje, waulize: leo kuna mawingu, mijusi watakuwa wangapi saa 4? Wabishane, kisha waende kuhesabu.

Jambo moja nakusihi: wasiingie majini kutafuta konokono au samaki wadogo. Konokono wa pembezoni mwa ziwa hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu.